Maradhi ya Alfajiri Hayapimwi Adhuhuri: Breki za Gari Kuukuu Katika Kipupwe

Kipupwe kinapoingia katika milima ya Usambara, tangu Juni hadi Agosti, ukungu hulala juu ya Lushoto mpaka jua lipande, na maji ya udhu huuma vidole. Ni msimu ambao wazee hawabanduki jikoni na watoto wa madrasa huja wamejifunika masweta. Ni msimu pia ambao magari ya siku nyingi hudhihirisha maradhi yaliyojificha miezi mingine. Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia moja kati ya maradhi hayo, nalo ni udhaifu wa breki. Kamati yetu ya msikiti imekabiliana nalo kipupwe hiki, na tumeona kuwa somo lake linazihusu familia nyingi, si msikiti mmoja tu.

Gari tunalolizungumzia ni la dizeli, la mwili mrefu, lenye umri unaozidi miaka 25. Kwa kawaida huvuta kwa magurudumu mawili ya nyuma, na dereva anapotaka, huvuta kwa yote manne. Lilitolewa wakfu na muumini mmoja ili lisaidie shughuli za msikiti. Hubeba jeneza kutoka vijiji vya juu, huwapeleka watoto kwenye mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, na mara kwa mara huteremsha mgonjwa usiku. Kwa hiyo kila anayelipanda amekabidhi roho yake kwa kamati bila ya kuandikiana mkataba. Hiyo ndiyo amana.

Asubuhi moja dereva wetu alikuja ofisini kabla ya kumpelekea mwenyekiti habari. Alisema, "Ustadh, alfajiri pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Nakanyaga kwa nguvu zangu zote na gari linaendelea kwenda. Ikifika saa nne linasimama vizuri kana kwamba halikuwa na lolote." Tukamweleza mwenyekiti, na siku ile ile gari likaegeshwa.

Haukupita muda ukatufikia msiba wa kijiji cha juu. Mzee mmoja tunayemheshimu sana hakuridhika kuona gari limesimama. Alituambia, "Maiti inasubiri, nanyi mnazungumza habari za mipira na vyuma. Ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu." Tulikodi gari jingine kwa fedha za mfuko wa msikiti, mazishi yakafanyika kwa wakati, lakini neno la mzee lilibaki vinywani mwa watu. Ni neno linalostahili jibu la adabu.

Jibu tunalipata kwa Sayyidna Umar (r.a.). Alikuwa safarini kwenda Sham, akapata habari ya tauni alipofika mahali paitwapo Sargh. Baada ya kushauriana na masahaba akaamua kurejea Madina. Abu Ubayda (r.a.) alipomuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Allah, Umar alimfahamisha kuwa anatoka katika kadari ya Allah na kuingia katika kadari nyingine ya Allah. Kuiamini kadari hakukumzuia kuepuka hatari aliyoijua, na hatari tukishaijua nasi hatuna udhuru. Mtume (s.a.w.) naye alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Breki za gari la abiria ni kamba ya ngamia huyo.

Sasa tuje kwenye uchunguzi wenyewe. Fundi wa kwanza tuliyemwita alifika adhuhuri. Aliliendesha gari kwenye uwanja tambarare, likiwa tupu, injini ikiwa imekwisha pata moto. Akasema breki zipo, ni baridi tu. Kauli hiyo, "ni baridi tu", ndiyo inayotakiwa kuogopwa. Baridi ya milima yetu haiwezi kuharibu breki zilizo nzima. Kazi yake ni kufichua kilichokwisha choka: mpira uliokakamaa, mkanda uliolegea, mafuta yaliyozeeka.

Ndipo tukamwendea fundi mzee, ambaye siku hizi hafungui tena gereji lakini bado anatafutwa kwa ushauri. Kabla hajashika spana alimuuliza dereva maswali manne. Tunayanukuu kwa mpangilio wake, kwa sababu kila swali lilifungua mlango wa jambo lililokuwa limejificha.

Swali la kwanza: linatokea saa ngapi?

Alipojibiwa kuwa ni alfajiri, aliagiza gari lilale nje na lisiwashwe na mtu yeyote mpaka baada ya Swala ya Alfajiri. Tulipotoka msikitini tulimkuta kwenye kiti cha dereva. Injini ikiwa imezimwa, alikanyaga breki mara kadhaa mpaka pedeli ikawa ngumu. Kisha akaikanyagia chini bila ya kuiachia, akawasha injini. Katika gari zima, pedeli hushuka kidogo chini ya mguu mara injini inapowaka. Ya kwetu haikushuka hata kidogo. Alirudia jaribio saa tatu ikashuka kwa shida, na adhuhuri ikashuka sawasawa. Matokeo yote matatu tuliyaandika daftarini.

Maana yake ni hii. Mguu wa dereva peke yake hautoshi kusimamisha gari zito, hivyo kuna chombo cha duara mbele ya dereva, chini ya boneti, kiitwacho busta, ambacho husaidia mguu kwa nguvu ya kufyonza hewa. Katika injini ya petroli nguvu hiyo hutoka kwenye njia ya hewa ya injini yenyewe. Injini ya dizeli ya zamani haina ufyonzaji wa namna hiyo, kwa hiyo huwekewa pampu ndogo, na katika magari mengi pampu hiyo imeshikamana na nyuma ya alteneta. Mpira mnene huunganisha pampu na busta. Mpira huo ukivuja, au mkanda wa alteneta ukiteleza, busta hukosa nguvu, pedeli hukakamaa, na dereva hubaki na mguu wake tu.

Fundi mzee aliukagua mkanda akaukuta umekaza. Akauvua mpira, akatuonesha ncha yake: ilikuwa imekauka na kupasuka nyufa nyembamba mahali inapovaa bomba. Ukiwa baridi, mpira huo ulikuwa mgumu kama ubao na hewa ilipenya pembeni yake. Injini ilipopata moto, mpira ulilainika na kujifunga wenyewe. Ndiyo sababu ya gari kuugua alfajiri na kupona saa nne, na ndiyo sababu fundi wa adhuhuri hakuona kitu. Ukweli ni kwamba dereva huteremka mlima asubuhi, wakati ambapo hakuna aliyelipima gari.

Swali la pili: pedeli ina hali gani chini ya mguu?

Hapa alitupa mafunzo ambayo kila mwenye gari anaweza kuyahifadhi. Pedeli ikiwa ngumu na gari halisimami, mtuhumiwa wa kwanza ni busta na mpira wake, na wa pili ni pedi zilizoungua na kuwa laini kama kioo. Pedeli ikiwa laini kama sifongo, kuna upepo ndani ya mabomba. Ikishuka sana mara ya kwanza na kupanda ukiikanyaga mara ya pili na ya tatu, huenda brekishuu za nyuma ziko mbali na dramu na zinahitaji kurekebishwa, au upo upepo. Ikiwa unaikanyaga kwa utulivu kwa nusu dakika na inazidi kuzama, mafuta yanapita mahali pasipo ruhusa: ama yanavuja nje, ama yanarudi nyuma ndani ya masta silinda, ambapo hutaona hata tone sakafuni. Gari likivuta upande mmoja, gurudumu moja linafanya kazi na mwenzake limelala.

Kuna hali moja tu ya asubuhi isiyo na madhara. Ukungu wa usiku huacha utando wa kutu na unyevu juu ya diski na dramu, hivyo mkanyago wa kwanza au wa pili huweza kukwaruza na kuwa dhaifu. Utando huo huondoka baada ya breki chache. Udhaifu unaoendelea baada ya hapo si unyevu tena.

Swali la tatu: gari lina mzigo au ni tupu?

Dereva alijibu kuwa hata baada ya saa nne, likiwa na watoto kumi na wawili nyuma, huhisi kama linasukumwa. Fundi aliingia chini ya gari, karibu na ekseli ya nyuma. Magari mengi ya kazi ya aina hii yana valvu ndogo pale, yenye mkono wa chuma uliofungwa kwenye ekseli. Gari likiwa tupu, sehemu ya nyuma hunyanyuka na valvu hupunguza breki za nyuma ili magurudumu mepesi yasijifunge na kuteleza. Likipakiwa, mwili hushuka, mkono husogea, na valvu huruhusu nguvu zaidi ipite.

Gari letu, kabla halijatolewa wakfu, lilikuwa limeongezewa vyuma bapa vya springi ili libebe mzigo mkubwa. Nia ilikuwa njema, lakini matokeo yake yalikuwa kinyume. Mwili ulinyanyuka juu, mkono wa valvu ukabaki katika hali ya gari tupu, na kutu ukaushika hapo hapo. Watoto kumi na wawili walipokaa nyuma, valvu iliendelea kuamini kuwa hakuna mtu. Breki za mbele zilibebeshwa kazi ya magurudumu manne. Yeyote aliyeongeza springi katika gari lake aina hii na amuulize fundi iwapo mkono wa valvu ulirekebishwa pamoja nazo. Akumbuke pia kuwa mabomba yakitolewa upepo, na valvu hiyo nayo itolewe upepo ikiwa ina mahali pake pa kutolea.

Swali la nne: likisimama vizuri, linavuta kwa mawili au kwa manne?

Swali hili lilitushangaza zaidi ya yote. Katika gari ambalo dereva mwenyewe ndiye anayeingiza uvutaji wa magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungamanishwa pamoja pale anapoingiza. Kwa hiyo breki nzuri za mbele huishika na ekseli ya nyuma kupitia shafti, hata kama breki za nyuma zimekufa. Dereva wetu hutoka vijiji vya juu kwenye barabara ya udongo na utelezi, anatumia manne, na breki humridhisha. Akifika kwenye lami hurudi kwenye mawili, kama inavyopasa, kwa sababu kuvuta kwa manne namna hii juu ya lami kavu huumiza gia na shafti. Hapo ndipo udhaifu wa nyuma hujitokeza, na hapo ndipo mteremko mrefu unapoanza.

Gari likajaribiwa kwa mawili, mahali tambarare, pasipo watu. Kisha fundi alisogeza mgongo wa kiganja karibu na kila gurudumu bila ya kuligusa. Ya mbele yalikuwa na joto kali. La nyuma kushoto lilikuwa vuguvugu. La nyuma kulia lilikuwa baridi kabisa, maana yake halifanyi kazi. Dramu ilipofunguliwa, brekishuu zilikutwa zimelowa oili ya difu. Sili ya mwisho wa ekseli ilikuwa imekwisha, na oili ilikuwa ikitambaa mpaka ndani ya dramu.

Hapa tunatoa tahadhari mbili. Ya kwanza, brekishuu iliyokunywa oili haisafishwi kwa petroli wala haichomwi moto ikarudishwa. Hubadilishwa, na hubadilishwa pande zote mbili ili gari lisivute upande, baada ya sili yenyewe kubadilishwa. Ya pili, vumbi la breki za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lisipulizwe kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, na vijana wanaojifunza ufundi wasisimame juu yake.

Kwa nini tunalikazania jambo hili kiasi hiki? Jibu liko katika barabara. Kutoka Lushoto kwenda Mombo, kupitia Soni, ni takriban kilomita 33 za kona, na gari hushuka takriban mita elfu moja. Gari lenye watu na mizigo, uzito wa tani mbili na nusu, likishuka kimo hicho kwa kutegemea breki tupu, hugeuza uzito wake kuwa joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 70 za maji. Joto hilo lote huishia kwenye diski na dramu. Breki za nyuma zikiwa zimelala, za mbele hulibeba peke yake.

Joto hilo hupita mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na katika nchi ya ukungu hunywa upesi zaidi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140 kwa DOT 3 na nyuzi 155 kwa DOT 4. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedeli huzama mpaka sakafuni bila ya gari kusimama. Ndiyo maana mafuta hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama hayajapungua, chupa iliyokaa wazi haitumiwi, na kamwe haimiminwi oili ya injini wala ya gia mahali pa mafuta ya breki, kwa kuwa huvimbisha na kuharibu mipira yote ya ndani.

Dereva naye ana sehemu yake. Mlima huteremkwa kwa gia ndogo, ili injini ndiyo ilizuie gari, na breki zikanyagwe kwa vipindi, si kwa kuegemewa njia nzima. Kwenye udongo wenye utelezi, uvutaji wa manne pamoja na gia ya chini huipeleka nguvu hiyo ya kuzuia kwenye magurudumu yote. Kuteremka gia ikiwa huru ili kuokoa dizeli ni kuuza roho kwa bei ya nusu lita.

Kwa familia zisizo na gari hatuna neno dogo. Mtoto anayepanda gari la shule au la madrasa ni macho na masikio ya mzazi. Muulizeni: dereva hukanyaga breki mara nyingi nyingi kabla ya kusimama? Gari huvuta upande? Kuna harufu ya kuungua mkifika chini? Chini ya gurudumu la nyuma pana alama ya mafuta asubuhi? Mama akisikia jibu la "ndiyo" kwa lolote kati ya hayo, ana haki ya kumfuata mwenye gari na kumuuliza kwa adabu, naye mwenye gari ana wajibu wa kujibu. Sheria yetu imejengwa juu ya kanuni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na aliyepokea nauli amepokea na dhamana.

Gari letu limerudi kazini. Mpira umebadilishwa, sili na brekishuu za nyuma ni mpya, mkono wa valvu umelainishwa na kupangwa upya, mafuta yote yamebadilishwa na upepo umetolewa. Kabla ya kuruhusiwa lilipimwa mara tatu, alfajiri, likiwa na mifuko ya mchanga yenye uzito wa abiria, kwa magurudumu mawili. Kitu kilichoanzisha msiba wote huu, kile kipande cha mpira, ndicho kilichokuwa rahisi kuliko vyote kwa bei.

Kamati imepitisha mambo mawili, nasi tunayaweka hapa ili misikiti mingine iyatazame. La kwanza, katika miezi ya kipupwe gari hupimwa pedeli kila siku kabla ya injini kupata moto, na matokeo huandikwa daftarini. La pili, dereva akisema gari halifai kutoka, halitoki, hata kama anayelihitaji ni mwenyekiti, katibu au imamu. Mzee wetu aliyetulaumu siku ya msiba alikuwapo kikaoni. Alisikiliza maelezo ya fundi mpaka mwisho, akaomba aoneshwe brekishuu zilizolowa, akazishika mkononi kwa muda. Kisha akasema azimio la pili liandikwe kwa wino, si kwa penseli.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi safari zenu na awape kheri za kila mteremko. Wabillahi tawfiq.